Fomu moja ya maabara, watu watatu wa nyumba moja: kwa nini protini za damu hazilingani?

1. Binti wa Kilosa

Habari za jioni, wanajukwaa. Wiki iliyopita niliwapeleka watu watatu wa nyumbani kwetu kupima damu katika maabara moja, asubuhi moja. Baba yangu ana miaka 71 na amelalamikia uchovu kwa miezi miwili. Mdogo wangu wa kike ana ujauzito wa miezi minane. Mwanangu ana miezi mitano, na alipimwa kwa sababu uzito wake ulikuwa umesimama kwa mwezi mzima.

Majibu ni haya, yote kwa gramu katika lita moja. Baba: protini ya jumla 88, albumini (protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu) 33, globulini (protini nyingine zilizobaki) 55. Mdogo wangu: protini ya jumla 58, albumini 28, globulini 30. Mtoto: protini ya jumla 56, albumini 40, globulini 16. Safu ya mwisho ya fomu inasema kwamba kawaida ni 60 hadi 80 kwa protini ya jumla, 35 hadi 50 kwa albumini na 20 hadi 35 kwa globulini, na safu hiyo ni ileile kwa mzee, kwa mjamzito na kwa mtoto anyonyaye. Wote watatu wametiwa alama ya nyota, na aliyetukabidhi fomu hakutueleza lolote zaidi ya kutuambia turudi kwa daktari.

Dai langu ni kwamba ama maabara ilikosea, ama safu hiyo ya kawaida haikuandikwa kwa ajili ya watu hawa. Naomba wenye ujuzi mnieleweshe.

2. Mzee Pangani

Pole, binti yangu. Kwa umri nilio nao nimeona mengi, na sioni la kuogofya hapa. Baba yako anakula nyama kupita kiasi, ndiyo maana protini yake imepanda, apunguze. Mdogo wako hali vya kutosha, apewe mayai, maharage na dagaa. Mtoto naye aongezewe uji wa lishe.

3. Mwanamaabara

Mzee Pangani, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Nyama haiingii katika damu ikiwa nyama. Utumbo huivunja ikawa asidi amino, na baada ya hapo ini ndilo linaloamua litengeneze nini. Ini la mtu mzima hutengeneza takriban gramu 10 hadi 15 za albumini kila siku, na nusu ya albumini iliyomo mwilini huchukua kama wiki tatu kuondoka, kwa hiyo pilau ya Ijumaa haionekani katika kipimo cha Jumatatu. Globulini nazo ni ukoo mzima, wala si protini moja. Zimo zinazobeba madini ya chuma na homoni, zimo zinazopanda mwili unaposhambuliwa na maradhi, na zimo kingamwili, ambazo hazitengenezwi na ini bali na seli za kinga zilizomo katika uboho, wengu na matezi. Mgawanyo wa globulini katika makundi ya alfa, beta na gama tunaoutumia mpaka leo unatokana na Arne Tiselius wa Uppsala, Uswidi, aliyezitenganisha protini za seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) kwa umeme mwaka 1937 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1948.

Binti wa Kilosa, kabla hatujasema lolote kuhusu mzee, nakuuliza: alitolewa damu akiwa amekaa, amelala, au mara baada ya kusimama kwenye foleni? Mpira ulifungwa mkononi kwa muda gani? Je, alikuwa amekunywa maji asubuhi ile?

4. Daktari Kijijini

Nianze na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye rahisi kuelezeka. Kingamwili aina ya IgG hupita katika kondo la nyuma kutoka kwa mama, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kiasi kinacholingana na cha mama yake au hata kukizidi. Akiba hiyo hupungua wiki baada ya wiki, ilhali mwili wa mtoto ndio kwanza unajifunza kutengeneza zake. Matokeo yake ni bonde kati ya mwezi wa tatu na wa sita, ambapo ya mama imekwisha na ya mtoto haijatosha. Globulini ya 16 kwa mtoto wa miezi mitano inakaa ndani ya bonde hilo. Kati ya aina za kingamwili, IgM hufikia kiwango cha mtu mzima mapema, yapata mwaka mmoja, IgG huchukua miaka kadhaa, na IgA huenda polepole mpaka ujanani.

Kwa hiyo nyota ya mtoto imewekwa kwa kumpima kwa kipimo cha baba yake. Uzito uliosimama ni jambo jingine na lazima ufuatiliwe kliniki, lakini usiufungamanishe na hiyo 16. Uji nao, Mzee Pangani utuwie radhi, usubiri mwezi wa sita.

5. Mama Pacha

Asante, Daktari. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 31, na katika mwezi wa nne waliugua kifua mara tatu. Niliambiwa na watu wengi kwamba maziwa yangu ni mepesi, nikalia sana. Je, hilo bonde kwao lilikuwa na kina zaidi?

6. Daktari Kijijini

Ndiyo, dada. Aliyetoka wiki ya 31 amekosa sehemu kubwa ya wiki ambazo kingamwili huhamishwa kwa wingi, kwa hiyo huanza na akiba ndogo na huifikia sakafu mapema. Maziwa yako hayana hatia hapo. Yana IgA inayolinda utumbo na njia ya hewa, ila haiingii katika damu ya mtoto kwa kiasi cha kubadili kipimo.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotufanya tusimpime VVU kwa kipimo cha kingamwili mtoto aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi kabla hajafika miezi 18, kwa sababu kingamwili tutakazoziona zinaweza kuwa za mama. Tunachukua tone la damu kavu akiwa na wiki nne hadi sita na kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

7. Mjukuu wa Lamu

Assalamu alaykum. Mbona hamtaji himoglobini, nayo ni protini ya damu? Mimi hospitalini hupimwa hiyo tu, na mke wangu kila mara huwa chini yangu.

8. Mwanamaabara

Waalaykum salaam. Ni protini kweli, lakini imo ndani ya chembe nyekundu, ilhali kipimo kilichoulizwa hapa kinahusu majimaji ya damu baada ya chembe kuondolewa. Himoglobini ikionekana humo, ama chembe zimepasuka mwilini, ama mtoa damu alivuta sirinji kwa nguvu. Hata hivyo mfano wako ni mzuri, kwa sababu himoglobini ndipo mahali ambapo umri na jinsia vimeheshimiwa tangu zamani. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu chini ya gramu 130 kwa lita kwa mwanamume na chini ya 120 kwa mwanamke asiye mjamzito, na katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kikomo cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 kimewekwa 105, na cha mjamzito katika kipindi cha pili cha ujauzito vilevile 105. Kama jambo hilo linawezekana kwa himoglobini, sioni kwa nini fomu ya albumini iwe na safu moja.

9. Nesi wa Zamu ya Usiku

Kuhusu mdogo wa mleta uzi: maji ya damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu asilimia 40 hadi 50, na albumini iliyokuwa ikiogelea katika ndoo moja sasa inaogelea katika ndoo moja na nusu. Kushuka kwa gramu 10 kwa lita ifikapo miezi ya mwisho ni jambo la kutarajiwa, kwa hiyo 28 haishangazi. Wakati huohuo estrojeni, homoni ya kike, huliamrisha ini liongeze protini nyingine, fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ikiwa mojawapo.

Lakini sitaki mtu alale usingizi kwa maneno yangu. Albumini ya chini kwa mjamzito ni kawaida pale tu ambapo mkojo hauna protini na shinikizo la damu halijafika 140 kwa 90. Binti wa Kilosa, mdogo wako alipimwa mkojo? Ana maumivu ya kichwa, kuona maluweluwe, au uso kuvimba? Kama hukumbuki, mpeleke kesho asubuhi, usisubiri uzi huu uishe.

10. Binti wa Kilosa

Nimempigia sasa hivi. Kliniki yake ilikuwa jana, mkojo ulikuwa safi na shinikizo 112 kwa 70. Miguu inavimba jioni, uso hauvimbi. Asante sana, Nesi.

Mwanamaabara, baba alisimama kwenye foleni tangu saa moja hadi saa tatu, akatolewa damu mara alipoketi. Alikuwa hajala wala hajanywa maji, maana alidhani imekatazwa. Mpira ulikaa muda mrefu kwa sababu mshipa ulikataa kuonekana.

11. Mwanamaabara

Basi hapo pana kasoro. Mtu akisimama, maji hutoka katika mishipa na kushuka kwenye miguu, lakini protini ni kubwa mno kupita, kwa hiyo hubaki na kuonekana nyingi. Tofauti kati ya kulala na kusimama inaweza kufika asilimia 10 hivi. Mpira ukizidi dakika moja huongeza kosa, na kiu huongeza tena. Nisingeamini 88 ya baba mpaka irudiwe.

12. Daktari Kijijini

Nakubaliana na Mwanamaabara (namba 11) kwa nusu tu. Kama damu ya mzee ingekuwa imekolea kwa kusimama na kiu, basi albumini nayo ingepanda. Hapa albumini iko chini, 33, na globulini iko juu, 55. Kukolea kwa damu hakupandishi kimoja na kushusha kingine. Irudiwe, ndiyo, lakini natarajia kwamba uwiano wa albumini na globulini utabaki umepinduka.

13. Fundi Mashine

Niongeze la tatu, kwa sababu mimi kazi yangu ni kuzitengeneza na kuzipima mashine hizi. Globulini ya kwenye fomu haikupimwa na mtu yeyote. Mashine hupima protini ya jumla kwa rangi inayotokea protini inapokutana na shaba, hupima albumini kwa rangi nyingine inayoshikamana nayo, kisha hutoa albumini katika jumla, na kinachobaki huitwa globulini. Zipo rangi mbili zinazotumika kwa albumini, bromokresoli ya kijani na bromokresoli ya zambarau. Ile ya kijani hushika pia baadhi ya globulini, hivyo huisoma albumini juu kuliko ilivyo, hasa kwa mgonjwa. Kosa lolote la albumini huhamia kwenye globulini kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majibu ya hospitali mbili, ulizeni kwanza kama zinatumia rangi moja.

14. Mama Pacha

Yaani namba inayotutisha kuliko zote ndiyo ambayo haikupimwa. Hili sikulijua maishani mwangu.

15. Mkaazi wa Kampala

Nimesoma yote. Sasa tuseme kipimo ni sahihi. Kwa nini mzee wa Kilosa awe na globulini nyingi? Jibu langu ni malaria. Tangu miaka ya 1950 watafiti waliona kwamba watu wazima wa Afrika ya tropiki wana gamaglobulini (kundi la globulini lenye kingamwili) nyingi kuliko Wazungu. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor walichukua gamaglobulini ya watu wazima wa Gambia waliozoea malaria, wakawapa watoto waliokuwa wakiumwa, na vimelea vikapungua sana. Mwaka 1963 ilichapishwa habari ya kuwatibu watoto wa Afrika Mashariki kwa gamaglobulini iliyotoka Afrika Magharibi, nayo ikafanya kazi. Mzee aliyeumwa na mbu wa Kilosa kwa miaka 71 amebeba kumbukumbu hiyo katika damu yake. Na wapo ambao wengu huvimba mpaka kitovuni huku IgM ikipanda kupita mpaka, kwa sababu ya malaria ya kujirudia. Hapa Uganda ugonjwa huo ulichunguzwa sana.

16. Mjukuu wa Lamu

Ndugu wa Kampala, hoja yako ni nzuri lakini ina tundu. Ami yangu anaishi Marekani na ni muuguzi huko. Anasema kwamba hata Wamarekani weusi, ambao babu zao hawakuona malaria ya kudumu kwa vizazi kadhaa, kwa wastani wana IgG nyingi kuliko Wamarekani weupe. Huo si mbu. Huenda ni urithi.

17. Mkaazi wa Kampala

Au ni umaskini, msongamano, na maradhi mengine yanayofuata watu wanaobaguliwa. Kukosekana kwa mbu hakuthibitishi urithi.

18. Daktari Kijijini

Wakati ninyi mnabishana kuhusu mababu, mgonjwa wetu ana miaka 71 na amechoka. Tusianze na maelezo ya kufariji. Globulini ya 55 yenye albumini ya 33 inanilazimu niulize kuhusu VVU, homa ya ini B na C, kifua kikuu, ugonjwa wa ini wa muda mrefu na maradhi ya kinga kujishambulia. Zaidi ya yote, katika umri huu lazima niulize kuhusu mayeloma, saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili ya aina moja tu bila kikomo. Maumivu ya mgongo au mbavu? Himoglobini yake? Kreatinini, kipimo cha figo? Kalisi?

Elektroforesi, kile kipimo cha kutenganisha protini kwa umeme, ndiyo itakayotenganisha mambo haya. Kilima kipana katika eneo la gama maana yake ni seli nyingi tofauti zinazopambana na maradhi. Mnara mwembamba uliochongoka maana yake ni ukoo mmoja wa seli uliojizidisha. Na hata mnara nao si lazima uwe saratani: katika Kaunti ya Olmsted, Minnesota, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta protini ya namna hiyo, bila ugonjwa, kwa asilimia 3.2 ya watu wa miaka 50 na zaidi, na asilimia 5.3 ya waliofika 70. Watu wenye asili ya Afrika huipata mara nyingi zaidi. Wengi hawafikii ugonjwa, lakini hufuatiliwa maisha yao yote.

19. Mzee Pangani

Nimeelimika, na lile la nyama nimelifuta. Nina swali langu mwenyewe. Nina miaka 78, na kila nikipimwa ESR (kasi ya chembe nyekundu kushuka katika mrija) husoma 38, na daktari kijana huniambia iko juu. Je, ni ukoo huohuo wa protini?

20. Mwanamaabara

Ni ukoo huohuo, Mzee. Fibrinojeni na globulini zikiongezeka, chembe nyekundu hushikamana kama sarafu zilizopangwa na kushuka upesi katika mrija. Kwa kanuni ya zamani, kikomo cha mwanamume ni umri wake ukigawanywa kwa mbili, na cha mwanamke ni umri pamoja na kumi, kisha ukagawanya kwa mbili. Nusu ya 78 ni 39, kwa hiyo 38 yako imo ndani ya uzio. Bibi wa umri wako angeruhusiwa mpaka 44. Kipimo cha vijana kitakufanya mgonjwa kila mwaka bila ya kuumwa.

21. Mjukuu wa Lamu

Basi Mzee Pangani ni kijana, ila fomu ndiyo iliyozeeka.

22. Salma wa Tanga

Kuhusu estrojeni aliyoitaja Nesi (namba 9), mimi ni shahidi. Mwaka nilioanza vidonge vya uzazi wa mpango nilipimwa homoni ya dundumio (tezi ya shingoni), kile kipimo cha jumla, ikasomeka juu. Katika hospitali moja, ambayo siitaji, niliandikiwa dawa ya kuipunguza bila ya kuulizwa dawa ninazotumia. Daktari wa pili ndiye aliyenieleza kwamba vidonge huongeza protini inayobeba homoni hiyo, mabehewa yakawa mengi na abiria wakaonekana wengi, ilhali homoni iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, ilikuwa sawasawa. Nilikuwa nimeshameza dawa kwa wiki tano. Bado inaniuma, kwa sababu swali moja tu lingetosha.

23. Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana, Salma. Jambo hilo lina sura ya pili kwa albumini. Karibu asilimia 40 ya kalisi ya damu hubebwa na protini, hasa albumini, hivyo albumini ikishuka kwa gramu 10, kalisi ya jumla hushuka kwa takriban milimoli 0.2 kwa lita, ingawa kalisi huru haikuguswa. Mwanamke kama mdogo wa mleta uzi anaweza kuambiwa ana upungufu ambao hana.

24. Afisa Lishe

Naona albumini ya 33 ya mzee imesahaulika. Mimi nasema bado lishe ina nafasi. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu na uso kwa kukosa protini katika chakula, albumini hushuka, na maji hutoka katika mishipa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na wazee hupata hali inayofanana kwa kula ugali na chai pekee.

25. Daktari Kijijini

Mwenzangu, hapo ndipo penye mjadala wa karibu miaka mia moja. Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo katika Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1933, na mwaka 1935 akaupa jina la kwashiorkor kutoka lugha ya Waga. Maelezo uliyoyatoa yalitawala muda mrefu. Lakini mwaka 1980 Michael Golden na wenzake walionyesha kwamba uvimbe wa watoto hao hupotea kabla albumini haijapanda. Kisha wapo watu wanaozaliwa karibu bila albumini kabisa, waliotambuliwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1954, na uvimbe wao ni mdogo tu. Albumini ingekuwa ndiyo sababu pekee, watu hao wangejaa maji.

26. Mkaazi wa Kampala

Na mwaka 2013 ulitoka utafiti wa jozi 317 za pacha wa Malawi. Pacha waliokula katika nyumba moja, mmoja akapata utapiamlo na mwingine akabaki na afya. Watafiti walielekeza kidole kwa bakteria wa utumbo. Kama chakula peke yake ndicho kisababishi, sufuria moja haitoi matokeo mawili.

27. Afisa Lishe

Msiizike hoja yangu ikiwa hai. Mwaka 2015 Malcolm Coulthard alizipitia tena takwimu za zamani na kusema kwamba albumini ndogo inatosha kuueleza uvimbe wa unyafuzi, na kwamba hitimisho la 1980 lilikuwa na kasoro. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda bado. Nilichokubali ni hiki: kwa mtu mzima mgonjwa, ini hupunguza utengenezaji wa albumini kwa ajili ya kupigana na maambukizi, na albumini huvujia nje ya mishipa, hata kama anakula vizuri. Mzee wetu anaweza kuwa na 33 kwa ugonjwa, kwa njaa au kwa vyote viwili, na fomu haiwezi kututofautishia.

28. Fundi Mashine

Au kwa figo kuvujisha. Mkojo wa mzee una povu? Anayepoteza zaidi ya gramu 3.5 za protini kwa siku huporomoka albumini, ingawa huyo kwa kawaida angekuwa chini zaidi ya 33.

29. Mwanafunzi wa Baiolojia

Naomba niwarudishe kwenye swali la umri. Mwaka 2019 timu ya Tony Wyss-Coray wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilichapisha utafiti wa plazma (majimaji ya damu) ya watu 4,263 wenye umri wa miaka 18 hadi 95, na kupima protini 2,925. Protini 1,379 zilibadilika kwa umri, lakini mabadiliko hayakwenda kwa mteremko mmoja; yalikuja kwa mawimbi, karibu na miaka 34, 60 na 78. Kati ya hizo 1,379, protini 895 zilitabiri umri wa jinsia moja vizuri zaidi kuliko wa nyingine. Ikiwa wanaume na wanawake hawazeeki kwa protini zilezile, basi safu moja ya fomu imewaficha watu wawili ndani ya koti moja.

30. Mkaazi wa Kampala

Utafiti mzuri, lakini damu hiyo ilitoka kwa nani? Kundi moja lilikuwa la wachangiaji damu wa Uingereza, na jingine la Wayahudi wa Ashkenazi wa Marekani. Hakuna mzee wa Kilosa humo. Kwetu zimefanyika kazi za kupima watu wazima wenye afya ili kupata viwango vyao wenyewe, Mbeya mwaka 2008, na Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia mwaka 2009. Kinachonisikitisha ni kwamba maabara nyingi bado huchapisha safu iliyokuja katika boksi la kitendanishi (kemikali ya kupimia).

31. Binti wa Kilosa

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki tatu. Baba alirudiwa kipimo akiwa amelala robo saa, amekunywa maji, na mpira ukafunguliwa upesi. Protini ya jumla 81, albumini 32, globulini 49. Elektroforesi ilifanyika Dar es Salaam: kilima kipana, hakuna mnara. VVU, homa ya ini B na C vyote hasi. Makohozi hayana kifua kikuu. Mkojo hauna protini. Himoglobini 118, kreatinini ya kawaida. Wengu umevimba kidogo kwa picha ya mawimbi ya sauti. Mtoto ameongezeka gramu 400. Mdogo wangu amejifungua salama binti wa kilo 3.1.

32. Nesi wa Zamu ya Usiku

Alhamdulillahi kwa wote. Mpe hongera mama mtoto.

33. Mwanamaabara

Kutoka 88 hadi 81 kwa kulala na kunywa maji tu. Hoja yangu ya namba 11 ilikuwa na uzito.

34. Daktari Kijijini

Na yangu ya namba 12 pia, kwa sababu uwiano bado umepinduka. Wengu uliovimba unanipeleka kwa malaria ya muda mrefu, ila Kilosa kuna mito na mashamba ya mpunga, hivyo apimwe na kichocho. Uchovu unaweza kuwa wa hiyo himoglobini ya 118. Irudiwe baada ya miezi mitatu.

35. Binti wa Kilosa

Kuna jambo moja zaidi. Baba mdogo, aliye tumbo moja na baba, anaishi Muskat, Omani, tangu mwaka 1989. Niliposimulia uzi huu alikwenda kupima kwa hiari yake, akiwa mzima kabisa. Ana miaka 66. Protini ya jumla 78, albumini 41, globulini 37.

36. Mkaazi wa Kampala

Ameondoka penye mbu, globulini imeshuka kwa 12. Ni malaria.

37. Mjukuu wa Lamu

Ameondoka zaidi ya miaka thelathini, na bado amevuka 35 ya fomu. Ni damu ya ukoo.

38. Fundi Mashine

Binti, Muskat walitumia bromokresoli ipi?

39. Binti wa Kilosa

Nimemtumia ujumbe baba mdogo akaulize. Anasema ataenda Jumapili, na kila mwaka akija likizo Kilosa huumwa homa mara moja kabla ya kurudi.